Barua iliyomtoa Charlotte Mew mafichoni

Wiki nzima nimekua nasoma habari za duka moja la vitabu la London, Poetry Bookshop, na nimenasa kwenye barua moja tu. Duka lilifunguliwa 1913 na Harold Monro, na yeye mshairi, kazi yake kuuza mashairi, kuchapisha mashairi na juu ghorofani kupangisha vyumba kwa washairi, Robert Frost wa Marekani aliwahi kulala hapo, Wilfred Owen pia. Ukiniuliza mimi hiyo biashara ni wazimu.

Ila dukani kulikua na dada mmoja, Alida Klemantaski, huyo ndo kaniteka. 1912 alisoma shairi "The Farmer's Bride" kwenye gazeti la The Nation, likamkaa kichwani mpaka akalijua lote kwa moyo, basi 1915 akamwandikia mtunzi mwenyewe, Charlotte Mew, kuuliza kama ana mengine na kumkaribisha dukani siku ya kusoma mashairi. Na Mew alikua mtu wa kujificha kweli kweli. Lakini akaja, kimwanamke kifupi hivi, wakamuuliza wewe ndo Charlotte Mew? Akasema, nasikitika kusema ndo mimi. Hapo nilicheka peke yangu usiku!

Kitabu cha mashairi ya Mew kikatoka hapo dukani 1916, tena kwa shida, maana mchapaji mmoja aligoma kupanga herufi za shairi lake "Madeleine in Church" eti ni kufuru.

Jamani posta ya London enzi hizo ilipita mara kadhaa kwa siku, ukituma asubuhi jioni unaweza kua na jibu, karibu sawa na kuchati. Ndo maana mambo madogo madogo yote yalipita kwa barua. Duka lilikua linauza pia karatasi za shairi moja na picha, wachoraji kama Claud Lovat Fraser (maskini, alikufa 1921 na miaka 31 tu) wanachora, halafu Alida anakaa anazipaka rangi kwa mkono, moja moja.

Kile kitabu cha Mew kikamfikia Thomas Hardy, mwandishi mkubwa wa Uingereza, akakipenda, na 1923 yeye na washairi John Masefield na Walter de la Mare wakamuombea Mew pensheni ya serikali, akapewa pauni 75 kwa mwaka. Kabla ya hapo, 1918, Mew alishaalikwa nyumbani kwa Hardy kule Dorchester. Nawaza tu alivyojitambulisha pale mlangoni.