Mwangaluka ya saa kumi jioni

Mama yuko kwetu Kimara wiki ya tatu sasa. Kaletwa kutibiwa. Mdogo wangu alimsindikiza kwa basi kutoka Magu, wakashuka stendi ya Mbezi usiku na mifuko miwili: mmoja wa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, mwingine wa nsansa, mboga za majani zilizokaushwa, kana kwamba Dar es Salaam hakuna chakula. Mke wangu ni Mpare wa Usangi, na nsansa alikuwa hajawahi kuzipika. Sasa anazipika kwa karanga, na mama anakula huku akimsifu kwa Kisukuma. Mke wangu anaitikia "asante mama" bila kujua kaambiwa nini.

Jumanne tulikwenda hospitali. Tulichukua namba, tukakaa benchini mpaka saa tano, tukaitwa. Daktari alikuwa kijana mpole, mwenye subira. Akamuuliza: "Shikamoo mama. Hayo maumivu yakoje? Yanachoma, yanakata, au yanavuta?"

Mama anacho Kiswahili. Ana cha sokoni, ana cha kanisani, na cha kugombana na makondakta anacho pia. Cha tumbo lake hana. Akanigeukia mimi, akasema neno moja tu la Kisukuma, akasubiri nilipeleke kwa daktari.

Neno lenyewe nimelisikia tangu nikiwa mgongoni mwake. Likitajwa najua kabisa mtu anaumwa vipi na anakaa mkao gani. Nikafungua mdomo nitafsiri, hakikutoka kitu. Si kuchoma, si kukata, si kuvuta. Nikaanza kuzungukazunguka: "Dokta, ni kama kitu kinatambaa, halafu kinasimama, kinangoja, kinaanza tena." Nilijisikia kama mtoto wa darasa la pili anayetunga insha. Daktari akatikisa kichwa kwa heshima, akainama kwenye faili, akaandika. Nikachungulia. Yalikuwa maneno mawili ya Kiingereza, na maana yake ni maumivu ya tumbo.

Basi. Kutoka kinywani mwa mama mpaka kwenye karatasi, neno lake lilivuka mipaka miwili, na pale penye mpaka wa kwanza aliyelidondosha ni mimi, si daktari. Tulipewa dawa za vidonda vya tumbo na tarehe ya kurudi. Njiani mama aliniuliza kama nilimweleza daktari vizuri. Nikamwambia ndiyo.

Leo ni Februari 21, siku ya lugha mama duniani. Tangu asubuhi simu yangu imejaa mabango ya pongezi, mengi kwa Kiingereza. UNESCO waliitangaza siku hii mwaka 1999 kuwakumbuka wanafunzi wa Dhaka, Bangladesh ya leo, waliopigwa risasi mwaka 1952 wakidai Kibangla kitambuliwe. Watu walikufa kwa ajili ya lugha yao. Mimi yangu imenitoka taratibu nikiwa nimekaa kitako, hakuna aliyenielekezea hata rungu.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu kwangu kuyaandika, kwa sababu ningependa nimpate wa kumlaumu. Kiswahili siwezi. Mwaka 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Kawawa, alipoagiza kitumike katika shughuli za serikali, na mwaka huohuo BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ikaundwa kwa sheria, ndipo njia ya nyumba hii yangu ilipofunguka. Mimi na mke wangu tulikutana Morogoro. Tungezungumza nini? Kipare chake nakijua maneno sita, mawili kati yake ni ya kufukuza mbuzi. Tulitongozana kwa Kiswahili, tunagombana kwa Kiswahili, na binti yetu wa miaka tisa anaota kwa Kiswahili, maana nimemsikia. Ukiniuliza lugha mama ya mtoto huyu ni ipi, jibu la kweli ni Kiswahili, na sioni aibu kulisema. Kisukuma kwake ni lugha ya bibi.

Nchi yenye makabila zaidi ya 120, yenye Wabantu, Wairaqw, Wamasai, na Wasandawe na Wahadza wenye sauti zao za kugonga ulimi, ilipata lugha ya kuzungumza pamoja bila kabila moja kubwa kuwameza wenzake. Sisi Wasukuma ndio wengi kuliko wote, na hatukupewa lugha ya taifa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa Mzanaki, kabila dogo tu la Mara. Nadhani mpango ulifaulu kwa sababu hiyo. Sitaki kuuchezea.

Wala hakuna sheria iliyonikataza Kisukuma. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inasema jamii zetu ziendelee kutumia lugha zao za asili na kujivunia. Maneno mazuri. Sasa nenda ukajivunie wapi? Shuleni ni Kiswahili, ukifika sekondari ni Kiingereza. Redio ni Kiswahili au Kiingereza. Mahakama na mabango, hivyohivyo. Unabaki na shamba, msiba, na Bulabo, mashindano ya ngoma zetu kule Bujora karibu na Mwanza mwezi wa sita, ambako watalii wanapiga picha za wachezaji na chatu wao.

Shule ya msingi niliyosoma, lugha zetu tuliziita "kilugha". Hata jina hawakutupa. Kisukuma, Kikerewe, Kijita, vyote vilikuwa kilugha, na kilugha kilikuwa marufuku getini kuingia ndani. Palikuwa na kibao cha mbao chenye kamba ya katani. Ukikamatwa umeongea kilugha unavishwa shingoni, na unakitembeza mpaka umkamate mwenzako umvishe yeye. Saa ya kutawanyika, aliyebaki nacho anasafisha vyoo.

Sasa, watoto si wajinga. Ikifika saa tisa hakuna mtu anayefungua mdomo. Kwa hiyo mwenye kibao ananyemelea kwa nyuma anakufinya, pale kwenye nyama ya mkono, kwa kucha. Mtoto akifinywa humwita mama yake, na kwetu mama ni *mayu*. Ukishalia "Mayu!" umekwisha, kibao chako. Nilifinya wengi. Nilijifunza pia kulia kwa Kiswahili, "Mama!", na nilikuwa najivunia kweli, nikalionyesha hata nyumbani. Mwalimu aliyekitundika kibao kile msumarini alikuwa Msukuma wa kijiji cha pili, na jioni tulimsikia akiwaita ng'ombe wake kwa Kisukuma safi.

Halafu kuna *r*. Kisukuma hakina *r*. Niliomba "lula" mbele ya darasa la watoto waliohamia kutoka mjini, wakacheka mpaka kengele. Mpaka leo nikiwa nimechoka sana *r* inanitoroka, na mke wangu anajua kwamba nikisema "nimeludi" basi niwekewe chakula, nisiulizwe swali.

Ila nisijifiche nyuma ya kibao. Kibao nilikivua nikiwa na miaka kumi na mitatu. Binti yangu alipozaliwa nilikuwa na thelathini na nne, hakuna aliyenifinya. Niliamua mwenyewe. Nilisema tusimchanganye mtoto, aanze na Kiswahili, Kiingereza atakipata shule. Na hicho Kiingereza nakilipia ada kila muhula, na nauli ya gari la shule juu. Kisukuma kingekuja bure, kwa simu ya jioni na bibi yake, na sikukitaka. Nilidhani kipo tu, kama ziwa, kwamba siku mtu akitaka maji atakwenda kuchota.

Jina la mtoto mwenyewe nililitoa Usukumani. Lina *mbula* ndani yake, yaani mvua, kwa sababu alizaliwa siku ambayo Jangwani ilifungwa kwa mafuriko. Nilimpa jina sikumpa ufunguo wake. Miaka tisa amekuwa akiitwa mvua bila habari.

Kinachonishangaza ni kwamba Kiswahili chenyewe hakikuzidharau lugha hizi. Kilikuja kukopa. *Ikulu* tunayoitaja kila siku kwenye taarifa ya habari ni neno la kwetu, Usukumani na Unyamwezini, makazi ya mtemi. Watemi walifutwa kisheria mwaka 1963, nyumba yao ikabaki kwenye lugha na sasa anakaa rais. Mwalimu alipoondoka madarakani mwaka 1985 hakusema anastaafu, alisema anang'atuka, na hilo alilitoa Uzanaki kwao. Wanaosoma sarufi wanazo *ngeli*, neno la Kihaya. Ghala likifungwa, Kiswahili nacho kitakopa wapi? Kitabaki kukopa upande mmoja tu, na upande huo sote tunaujua.

Huwa naambiwa, tena na watu wazima ninaowaheshimu, kwamba kuziruhusu lugha hizi redioni ni kufungulia ukabila, tazama majirani. Nimewatazama. Kenya katiba yao ya 2010, ibara ya 7, inataka lugha za watu zikuzwe na zilindwe, na Kameme FM wanatangaza Kikikuyu tangu mwaka 2000. Kuna siku redio za namna hiyo zilichochea, ni kweli, na sipuuzi. Lakini tazama na Rwanda. Wanyarwanda wote wanasema lugha moja, kutoka mlima hadi mlima, na redio iliyowachochea watu kuua mwaka 1994 ilieleweka na kila mtu nchini. Burundi ni Kirundi tupu na damu imemwagika. Wenye chuki hawakosi lugha ya kuisemea.

Mimi sitaki mtihani wa darasa la saba uje kwa lugha zaidi ya 120. Nani atautunga, nani atausahihisha? Sitaki hata somo. Tukilifanya somo watoto watalichukia kama wanavyochukia mengine, na atatokea mtu wa kuuza vitabu vya maswali na majibu. Ninachotaka ni kidogo mno mpaka naona haya kukiandika. Saa moja jioni kwenye redio ya Mwanza, bibi asikie habari za pamba na kipindupindu kwa maneno yanayomwingia. Na pale hospitali, mtu mmoja kwenye zamu ambaye kazi yake ni kusikiliza mzee anasema nini. Wauguzi wanaojua Kisukuma wapo Dar hii hii, nimewasikia koridoni wakiongea kwa sauti ya chini. Kwa nini ya chini? Najua kwa nini. Nao walifinywa.

Wiki iliyopita nilijaribu kumrekodi mama kwa simu. Niliiweka mezani, nikamwambia aseme hadithi yoyote. Aliitazama simu, akanitazama mimi. "Nimeshakufa?" akauliza. Nikaizima.

Ila mjukuu ana njia zake. Jumatano alirudi shule, akavua viatu mlangoni, akaenda mpaka kwenye mkeka wa bibi yake akapiga magoti kama alivyoonyeshwa na kusema, "Mwangaluka!" Ilikuwa saa kumi jioni. Mama akatazama dirishani. "Jua limeshainama, mwangaluka ya nini? Wewe ndiyo unaamka?" Akamfundisha *mwadila*. Mtoto akaenda nje akarudi, akasema mwadila. Akaenda tena, akarudi tena. Ilikuwa mara tano au sita, kila mara bibi anaitikia salamu nzima, anauliza na hali ya watu wa huko nje, mtoto anajibu kwa Kiswahili kwamba hawajambo.

Tangu siku hiyo ana daftari. Ni la hesabu, ameligeuza nyuma. Ameandika *nzala* – njaa, *limi* – jua, *mayu* – mama, na *mbula* amelipigia mstari mara tatu, pembeni ameandika MIMI. Leo baada ya chakula akaniomba lile neno la hospitali, maana nilikuwa nimemsimulia mama yake na yeye akasikia. Nikalitamka. Akaliandika kama alivyolisikia, kwa herufi za Kiswahili, kwa mwandiko wa kalamu ya risasi.

Tatizo ni kwamba Kisukuma kina irabu saba na Kiswahili kina tano, na sauti ikipanda au ikishuka maana inaweza kuhama. Mimi hayo nayajua kwa sikio tu. Mama, ambaye amesoma Biblia ya Kisukuma maisha yake yote, akaletewa daftari. Akavaa miwani. Akalisoma neno kwa sauti, taratibu, sawasawa na lilivyoandikwa. Kisha akalisoma tena. Akaanza kucheka, akavua miwani, akacheka mpaka akashika lile tumbo lenye vidonda na mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

"Hapa," akasema mama, akifuta macho kwa ncha ya kanga, "mmeandika kitu kingine kabisa."

Kitu gani? Amekataa kusema, eti mbele ya mkwe haitamkiki. Nimelirudia neno kichwani kwa kila namna ninayoweza na sijalipata. Binti amelala na daftari chini ya mto, kaniambia kesho atamuuliza bibi mimi nikiwa kazini.