Nilivyoendelea na Bustani Nikiwa Mwanafunzi

Nimekulia shambani, na kabla sijajua kusoma vizuri nilikuwa tayari naweza kutofautisha mche wa nyanya na gugu linalofanana nao. Nilipokwenda kusoma mbali na nyumbani nikapangiwa chumba ghorofani, nikajikuta sina hata kipande kidogo cha ardhi cha kushika jembe, na jambo hilo lilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Naandika hapa jinsi nilivyofanikiwa kuendelea na bustani pamoja na masomo, kwa sababu naamini wapo wanafunzi wengi waliotoka mashambani wenye hamu kama yangu.

Kupanda kwenye makopo dirishani hakukunifaa. Nyanya huhitaji jua la angalau saa sita kwa siku ili zizae vizuri, nami dirisha langu lilipata jua la asubuhi tu. Niliamua kuwatafuta watu wenye bustani, nikapata habari za kikundi kilicholima kwa pamoja kiwanja kimoja, kila mtu akiwa na tuta lake na kazi nyingine zikifanywa kwa ushirikiano. Nilikwenda saa ambayo nilijua watakuwa kazini, nikasalimu, nikauliza ni kazi gani imelala. Sikuomba tuta siku hiyo, na mpaka leo nashauri hivyo: anayetaka kuingia katika bustani ya watu aanze kwa kutoa mikono yake, kwa maana wakulima humfahamu mwenzao kwa namna anavyoshika jembe mapema zaidi kuliko kwa maneno yake.

Kazi iliyokuwa imelala ilikuwa kugeuza lundo la mboji. Nyumbani tulikuwa na mifugo, hivyo rutuba ilitoka zizini na sikuwahi kujifunza kutengeneza mboji kwa utaratibu. Mama mmoja mtu mzima, ambaye wote humwita Bibi, ndiye aliyenifundisha. Vitu vikavu kama majani yaliyopukutika na mabua huleta kaboni kwa wingi, na vitu vibichi kama nyasi zilizokatwa karibuni na maganda ya mboga huleta nitrojeni. Lundo huoza vizuri zaidi linapokuwa na takriban sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya nitrojeni. Likikosa vitu vibichi hukaa muda mrefu bila kubadilika, na likizidishiwa hulowa na kutoa harufu kali. Bibi alichota konzi kutoka katikati ya lundo, akaiweka kiganjani mwangu na kusema, “Kamua, mwanangu.” Nilikamua kwa nguvu, yakatoka matone mawili kati ya vidole. “Hapo ndipo panapotakiwa,” akasema. “Yakitiririka, ongeza majani makavu, yasipotoka kabisa, nyunyiza maji.” Siku zilizofuata katikati ya lundo palikuwa na joto ambalo mkono haukuweza kulivumilia. Mboji ikifikia nyuzi joto 55 hadi 65 za Selsiasi na kukaa humo siku kadhaa huku ikigeuzwa, mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa hufa.

Baada ya hapo nilipewa tuta, na ndipo nilipoona kwa macho tofauti ya shamba na bustani. Shambani tulipanda kwa mistari mirefu na kupita katikati yake bila kufikiri sana. Bustanini kila tuta lilikuwa na upana wa kama mita 1.2, kiasi ambacho mtu aliyesimama upande wowote anaweza kufika katikati kwa mkono, na hakuna anayeruhusiwa kukanyaga juu yake. Udongo ukikanyagwa hushindiliwa, nafasi za hewa na maji zikaziba, na mizizi ikashindwa kupenya. Ni kanuni ndogo, lakini kwangu ilibadilisha mambo mengi, kwa kuwa udongo usiokanyagwa hauhitaji kulimwa kwa nguvu kila msimu.

Nami nilikuwa na cha kuwapa. Wenzangu walipima aina ya udongo kwa kuuchanganya na maji ndani ya chupa, kuutikisa na kuuacha utuame: mchanga hushuka ndani ya dakika chache, tope laini huchukua saa kadhaa, na mfinyanzi huweza kubaki ukielea siku nzima au zaidi. Mimi niliwaonyesha njia ya baba yangu, ya kulowesha udongo kidogo na kuuviringisha kati ya viganja. Ukikataa kushikamana ni kichanga. Ukifanya uzi mrefu unaopindika bila kukatika, mfinyanzi ni mwingi. Tulipima tuta moja kwa njia zote mbili na majibu yakaafikiana, na furaha niliyoiona kwenye nyuso za wale wazee sitaisahau.

Katikati ya msimu nyanya za wenzetu kadhaa zilianza kuwa na doa jeusi lililobonyea chini ya tunda, na baadhi yao walikuwa tayari wanatafuta dawa ya kupulizia. Nilikuwa nimeona hali hiyo nyumbani, inaitwa kuoza kitako, na haisababishwi na mdudu wala kuvu. Tunda hukosa madini ya kalsiamu ya kutosha, mara nyingi kwa sababu maji hayafiki kwa mpangilio hata kama kalsiamu imo udongoni. Tulitandaza nyasi kavu kuzunguka mashina ili unyevu usipotee haraka, tukaacha mtindo wa kumwagilia maji mengi siku moja na kusahau siku zinazofuata. Matunda yaliyokwisha kuharibika hayakupona, kwani hayaponi, lakini yaliyofungwa baadaye yalikomaa yakiwa safi.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni mbegu. Nyanya nyingi hujichavusha zenyewe, kwa hiyo mbegu za aina isiyo chotara huzaa mmea unaofanana na mama yake. Maboga hayako hivyo. Nyuki hubeba chavua kutoka ua hadi ua, na aina mbili za jamii moja zikiwa jirani, mbegu zake huchanganyika. Tulijifunza kwenda jioni kutafuta maua ya kike ambayo yangefunguka kesho yake, yanayotambulika kwa kitunda kidogo kilichovimba chini ya petali, na kuyafunga kwa uzi pamoja na maua kadhaa ya kiume. Asubuhi tulichuma la kiume, tukaondoa petali zake, tukapaka chavua yake ya manjano ndani ya la kike, kisha tukalifunga tena na kulitia alama. Boga hilo ndilo tulilolitunza kwa mbegu.

Ugumu wangu mkubwa ulikuwa ratiba. Niliwaeleza wenzangu mapema tarehe za mitihani, tukakubaliana kwamba mimi nitamwagilia matuta ya wengine jioni za siku za kawaida, nao watalitazama tuta langu wakati wa mitihani na likizo. Pia nilichagua mazao kwa kufuata kalenda ya masomo: mboga za majani zinazovunwa mara kwa mara nilizipanda mwanzoni mwa muhula, na mazao yanayoweza kusubiri, kama maboga na karoti, niliyapanga yakomae wakati ambao sina nafasi ya kwenda kila siku.

Msimu ujao nimekusudia kupanda maharage pale zilipokuwa nyanya, kwa kuwa bakteria wanaoishi kwenye vifundo vya mizizi yake hukamata nitrojeni kutoka hewani. Nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo, ambavyo ni vya jamii moja na hushambuliwa na magonjwa mengi yaleyale, havitarudi hapo kabla ya miaka mitatu. Kwa kuwa nitakuwa nimehitimu kabla muda huo haujatimia, nimechora ramani ya tuta hilo na kumkabidhi mwanafunzi mwingine aliyejiunga muhula huu, naye pia ametoka shambani.