Siku moja maishani mwangu: nawasikiliza pomboo wa Kizimkazi

Saa kumi na moja alfajiri, nikishaswali, nateremka pwani na kisanduku cha betri, zile nene za tochi. Kila bomba, chombo cha kusikilizia milio tunachokitega chini ya bahari, linakula kumi. Watalii huja Kizimkazi kuwaona pomboo. Kazi yangu ni kuwasikiliza usiku, chini ya maji, pale ambapo hakuna jicho. Sikio la binadamu linaishia masafa (wembamba wa sauti) ya kilohezi 20. Mlio ambao pomboo anapimia njia na kusakia samaki unapanda kupita 100.

Saa moja tupo juu ya alama ya kwanza. Maji mafu, mkondo mlaini. Mzamiaji anashuka mara moja, bomba la kwanza linapanda limeota mwani tu. La pili halipo.

Hapo ndipo siku ilipopotelea. GPS inasema tumesimama juu yake, mzamiaji anasema chini ni mchanga mtupu. Alishuka mara nne. Kusi likaamka, boti ikaanza kuyumba, kahawa ikaisha, na kila alipopanda alitikisa kichwa bila neno. Karibu na saa tano akatujia mzee mmoja na ngalawa yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lile bomba lenu limenasa wavu wangu wa jarife. Nimelikokota mpaka mwambani, nikakata kamba." Akanitazama sana. "Mwanangu, watu wanasema linanasa maneno yetu tukiwa baharini, mkayapeleke serikalini."

Nimeshayasikia haya mara nyingi, na yananiuma kila mara. Nikashika ubavu wa ngalawa nikamweleza. C-POD, ndilo jina la bomba hili, haihifadhi sauti. Kila mlio inauandikia saa, urefu, masafa na nguvu yake, basi. Tena usikivu wake unaanzia kilohezi 20, na maneno ya mtu hayafiki huko. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na jarife langu?"

Sikuwa na jibu. Lile jarife ndilo chakula cha nyumba yake. Jarife hilohilo pomboo akinaswa hawezi kupanda kuvuta pumzi. Mzee alituongoza mpaka mwambani mwenyewe, na bomba tukalikuta limelala kati ya matumbawe.

Baada ya hapo saa sikuzitazama tena. Mgongo unauma, chumvi imenikaukia shingoni, na kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza: kompyuta. Mabomba haya yalibuniwa kwa ajili ya ndugu wadogo wa pomboo wa bahari baridi za Ulaya, ambao hulia kwenye kilohezi 130 hivi, masafa membamba, rahisi kutambulika. Huku kwetu matumbawe yamejaa kamba wadogo wanaofyatua gando. Ukizamia unawasikia kama mafuta yanayochemka kikaangoni. Bomba likishapokea milio 4,096 ndani ya dakika moja, hunyamaza mpaka dakika inayofuata. Kamba wakiijaza dakika, pomboo anapita bila kuandikwa. Kwa hiyo kila dakika iliyojaa naiwekea alama, moja baada ya nyingine, asije mtu akasema pomboo hawakuwapo.

Programu inachambua yenyewe, lakini napitia kila msururu wa milio kwa macho. Kamba hulia ovyo. Pomboo ana mpango: nafasi kati ya mlio na mlio zinabadilika taratibu, na akimkaribia samaki zinabanana mpaka zinakuwa kama mvumo. Huko Mexico, katika Ghuba ya California, mabomba ya aina hii yalisikiliza vakita, ndugu mwingine mdogo wa pomboo, tangu 2011, na milio ikapungua mwaka hadi mwaka kwa sababu ya nyavu. Wanyama wale walikuwa wachache mno kuhesabiwa kwa macho. Ndiyo maana siruki dakika.

Bomba hupima pia mwinamo wake. La mzee lilisimama wima siku 19, kisha saa nane usiku likalala, na likilala hujizima. Siku 11 zilizofuata ni tupu.

Nikarudi nyuma kidogo kwenye usiku ule. Dakika sita kabla halijalala kuna msururu wa pomboo, milio inabanana, inabanana, mpaka inavuma. Alikuwa anakula, na jarife liko majini.

Kesho asubuhi nitamfuata mzee nimwonyeshe saa hiyo. Nataka kujua kama aliwasikia wakipumua.