Mtutu wa inchi 20 na futi 88 nilizozitafuta kwa baruti

Kitabu cha kuundia risasi kilisema mwendo wa futi 2,800 kwa sekunde. Kronografu, kifaa cha kupima mwendo wa risasi, ikasoma 2,712. Siku ile nilipiga risasi kumi, nikajumlisha na kugawa mara mbili nikidhani nimekosea hesabu, wastani ukabaki palepale.

Naishi Texas. Bunduki yangu ni ya .308 Winchester, nawindia kulungu wa mkia mweupe huko Llano, na risasi zake naziunda mwenyewe gereji: nasafisha maganda ya shaba, natia fataki mpya, kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti, napima baruti kwenye mizani, halafu nabana kichwa cha greni 150, kama gramu 10 hivi. Kazi hii naipenda kwa dhati. Babu yangu kule Tabora alikuwa na gobori, na utotoni nilikuwa nakaa kando nikimtazama anavyoshindilia kwa mdeki. Yeye baruti aliipima kwa macho. Mimi naipima mpaka sehemu ya kumi ya greni, ndiyo maana zile futi 88 zilininyima raha.

Nikajiambia: kama mtutu mfupi unaninyima mwendo, nitaufidia kwa baruti. Nikaunda risasi tatu juu ya kiwango cha mwisho cha kitabu. Ziada yenyewe ilikuwa punje chache, kwa macho usingeitambua. Nikapiga ya kwanza. Nilipotaka kufungua bolti, chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, ikagoma, mpaka nikaipiga kwa kiganja. Ganda lilipotoka nikaligeuza kuangalia kitako. Fataki ya kawaida, hata baada ya kupigwa, hubaki na ukingo wa mviringo kidogo. Hii ilikuwa imelala bapa, imejaa tundu lake lote kama bati lililogongwa kwa nyundo, na pembeni yake shaba imepata alama inayong'aa.

Nikalipiga picha, nikamtumia shemeji yangu, aliyenifundisha kazi hii. Haikupita dakika, simu ikaita.

“Shemeji, hizo mbili zilizobaki usizipige.”

“Lakini shemeji, mtutu wangu si mfupi? Nikaona shinikizo nalo litakuwa dogo.”

“Baruti haijui mtutu wako unaishia wapi.”

Akanielekeza safari ya kichwa cha risasi tangu mwanzo, na hapo ndipo nilipoelewa. Baruti ikishika moto, shinikizo hupanda ghafla na kufika kileleni kichwa kikiwa bado jirani na chemba, pale risasi inapokaa, hakijasogea ila inchi chache. Kwa .308, kiwango cha juu kilichowekwa na SAAMI, chombo cha watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani, ni pauni 62,000 kwa inchi ya mraba. Kufikia hapo, mtutu wa inchi 20 na wa inchi 24 hauna tofauti: chemba ni ileile, bolti ni ileile, na uso wangu uko nyuma yake umbali uleule. Baada ya kilele gesi inazidi kupanuka, shinikizo linashuka, ila bado inasukuma. Kila inchi ya mtutu iliyobaki inakiongezea kichwa mwendo, na kila inchi inayofuata inaongeza kidogo kuliko iliyotangulia. Huko ndiko inchi zangu nne zilikopungua. Wapigaji wengi wa .308 hukadiria futi 20 hadi 25 kwa kila inchi. Nilipofungua kitabu tena nikakuta imeandikwa juu ya jedwali, kwa herufi ndogo nilizoziruka: mtutu wa majaribio, inchi 24. Gawa 88 kwa nne upate 22. Risasi zangu hazikuwa na kasoro yoyote.

Jioni ile nilizifumua zile mbili, baruti nikairudisha kwenye chupa yake. Kisha nikaupima mtutu wenyewe badala ya kuamini maandishi ya boksi. Nilihakikisha bunduki ni tupu, kwa jicho na kwa kidole, nikafunga bolti, nikaingiza fimbo ya kusafishia kupitia mdomo wa mtutu mpaka ikagusa bolti, nikaweka alama pale mdomoni, nikaitoa na kuipima. Inchi 20 kamili.

Nilijaribu pia ushauri unaosikika sana, kwamba mtutu mfupi unataka baruti inayoungua haraka. Safari hii nilibaki ndani ya viwango vya kitabu. Kwangu haikusaidia, mwendo ulishuka zaidi, na ile baruti ya polepole ya mwanzo ndiyo iliyoendelea kuongoza. Kilichozidi kwa baruti ya polepole ni mwako wa mdomoni: jua likizama unauona mwanga wa machungwa. Na hiyo 22 msiichukue kama sheria. Bunduki ya shemeji ina mtutu wa inchi 20 kama wangu, tukapiga risasi za mkupuo mmoja siku moja, yake ikatoa 2,738.

Badala ya kuongeza baruti nikabadilisha jedwali la kushuka kwa risasi. Darubini nimeilenga kwa yadi 100. Kwa yadi 200 tofauti kati ya 2,800 na 2,712 haifiki inchi moja, na kwa 300 ni kama inchi moja tu. Kule Llano, kwenye vichaka vya mialoni, kulungu wengi nawapiga ndani ya yadi 150. Futi nilizokuwa nahatarisha jicho langu kwa ajili yake, nyama isingezijua.

Msimu ulipofunguliwa, Jumamosi ya kwanza ya Novemba, nilikuwa na risasi ishirini za kiwango cha kitabu. Juu ya boksi nimebandika utepe na kuandika kwa kalamu ya wino: inchi 20, 2,712.