Siku niliyomwona farasi Frankel kwa macho yangu

Wanaonijua wanajua sichoki kuisimulia siku hii. Juni 2011, uwanja wa Ascot, Uingereza, mbio za farasi za St James's Palace Stakes. Ni mbio za daraja la juu kabisa, kama mita 1,600, za farasi dume wa miaka mitatu tu. Majike wana zao, Coronation Stakes, na waliohasiwa hawaruhusiwi, kwa kuwa hapa ndipo wafugaji wanapotafuta mbegu.

Kabla ya mbio nilijibana kwenye uzio pale farasi wanapozungushwa watu wawaone. Frankel akapita hatua chache mbele yangu: kifua kipana, ngozi inang'aa, mishipa imemtutumka shingoni. Jamani, yule mnyama ni mzuri!

Walipoachiwa, joki wake, yaani mpandaji, Tom Queally akamfungulia mapema mno, hata kona ya mwisho bado. Akawaacha wenzake mbali, uwanja mzima ukalipuka kwa kelele. Lakini Ascot ile njia inapanda kuelekea mwisho, na hapo nguvu zikaanza kumwishia. Farasi mwingine, Zoffany, akaja kwa kasi, pengo linapungua, linapungua. Nilikuwa roho juu! Frankel akashinda kwa robo tatu tu ya urefu wa farasi.

Wengi husifia ushindi wake kwenye uwanja wa Newmarket mwaka huohuo, alipowaacha kwa urefu wa farasi sita. Mimi naipenda hii zaidi, maana alibanwa na hakukubali. Alistaafu 2012, mbio 14, ushindi 14. Mungu amrehemu Henry Cecil aliyemfunza.