Kitabu Kimoja Nje ya Mahali Pake: Kuandika Mauaji ya Halloween Maktabani

Ondoa maboga, popo wa karatasi na utando wa buibui wa kununua, na hadithi nyingi za mauaji ya Halloween (usiku wa Oktoba 31) maktabani zingeweza kutokea kwenye duka la keki bila kubadilisha aya. Maiti iko kati ya rafu, mkutubi ana paka, na kuanzia hapo maktaba haina kazi tena. Ni hasara kubwa. Maktaba ni jengo ambalo kila kitu kina mahali pake, mahali hapo pana namba, na kuna watu wanaolipwa kugundua kilichosogezwa. Katika riwaya tulivu ya upelelezi, ile isiyo na damu ukurasani, muuaji anatakiwa anaswe na mpangilio huo. Akinaswa kwa alama za vidole tu, jengo umelipoteza bure.

Basi anza na jengo, na ulichore kwenye karatasi kabla ya sentensi ya kwanza. Kwa mji mdogo wa Marekani, chaguo jepesi ni maktaba ya Carnegie. Fedha za Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, zilijenga maktaba 2,509 kati ya mwaka 1883 na 1929, na 1,689 kati ya hizo zilijengwa Marekani, kwa hiyo msomaji hatashangaa kuikuta kwenye mji wowote utakaoubuni. Mwaka 1911 katibu wake, James Bertram, alianza kuwatumia waombaji mwongozo wa ujenzi: chumba kikuu kiwe wazi, mkutubi mmoja aweze kukisimamia chote akiwa dawatini, na ukumbi wa mikutano uwe chini, kwenye ghorofa iliyozama nusu ardhini. Mwandishi wa upelelezi angeomba nini zaidi? Dawati linaona kila mtu juu na halimwoni yeyote chini. Hapo tayari una orodha ya nani angeweza kumwona nani. Mlango wa siri usiuongeze. Ronald Knox, mwandishi wa Uingereza, katika kanuni zake kumi za hadithi za upelelezi za mwaka 1929, aliruhusu chumba au njia ya siri moja tu, na maktaba haina haja hata na hiyo moja.

Sherehe ya watoto iwe chini, kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 usiku. Kufunga maktaba kuna utaratibu wake, na wakutubi wanaosoma hadithi yako wanaujua: tangazo dakika 15 kabla, mzunguko wa vyoo, ukumbi wa chini, madirisha, taa, kisha kengele ya wezi. Lazima ueleze muuaji alijifichaje wakati wa mzunguko huo. Njia ya zamani bado inafanya kazi: ukumbi umepambwa kwa sanamu za kutishia ndege zilizokalishwa kwenye viti, zimejazwa majani makavu na kuvishwa magunia kichwani, na moja kati yake inapumua. Inahitaji sharti moja. Sura ya pili itaje, ndani ya mazungumzo ya watoto, kwamba wametengeneza sanamu tano. Wakati wa kufunga, mkutubi aliyechoka azipite sanamu sita, na namba hiyo ipite ndani ya sentensi inayohusu jambo lingine, mathalani harufu ya boga lililoungua kwa mshumaa. Ukiiweka mwisho wa aya, umepiga kelele.

Kisha kuna kengele. Wengi huisahau, halafu msomaji anauliza mbona haikulia mtu alipotembea gizani. Jibu rahisi: vihisi vya mwendo viko juu na kwenye ngazi, ukumbi wa chini una kihisi cha mlango wa dharura pekee. Muuaji akae kimya kwenye kiti chake mpaka marehemu aje na ufunguo wake na kuizima kengele mwenyewe. Faida yake ni kwamba swali la nani anajua pembe isiyo na kihisi linawaelekeza wasomaji kwa watu wa ndani bila wewe kusema neno.

Sasa kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, na sijui kwa nini hakitumiki zaidi: kifaa cha kuhesabu watu mlangoni. Maktaba nyingi ndogo zina mwale tu unaovuka mlango. Kila anayeukata huongeza moja, aingie au atoke, ndiyo maana jumla ya siku hugawanywa kwa mbili. Vile vya bei ndogo havirekodi saa. Vinajua jumla, basi.

Mkutubi anaandika 41,206 kwenye daftari kabla ya kutoka. Akitoka, kinakuwa 41,207. Marehemu akiingia usiku, 41,208. Asubuhi mkutubi anaingia na kusoma 41,210. Imebaki hesabu moja tu isiyo na mwenyewe. Muuaji angekuwa ameingia usiku kwa ufunguo na kutoka baadaye, angekata mwale mara mbili na kifaa kingesoma 41,211. Alikata mara moja. Alitoka bila kuingia, maana yake alikuwa ndani tangu sherehe. Kwa mstari mmoja wa daftari, kila mwenye ufunguo aliyekuwa nyumbani saa 2 usiku yuko salama.

Hesabu hii ina matundu matatu, na usipoyaziba, msomaji mkali atayapata kabla yako. Watu wawili wakipita bega kwa bega huhesabiwa mmoja, kwa hiyo usiku ule ubao mmoja wa mlango uwe umefungwa na upande uliobaki utoshe mtu mmoja tu. Muuaji angeweza kuingia mlango mkuu na kutokea chini, kwa hiyo mlango wa dharura uwe na kengele yake inayojitegemea, ambayo haikulia. Tatu, mwale ukiwekwa juu, watoto hupita chini yake, na majoho mapana ya kichawi huukata mara mbili. Hilo linaharibu hesabu ya sherehe lakini haligusi hesabu ya usiku, kwani daftari limeandikwa baada ya wote kuondoka. Mpelelezi wako aseme hivyo kwa sauti. Asiposema, utapata barua.

Kidokezo cha pili kiwe rafuni. Katika mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu rafuni kwa namba za mada, vitabu vya mauaji viko 364.1523, mizimu 133.1, sumu 615.9 na Halloween yenyewe 394.2646. Mtu asiyezoea huona 364.1523 na 364.16 akadhani ya kwanza ndiyo kubwa kwa kuwa ina tarakimu nyingi, akaiweka baada ya 364.16. Kwa desimali ni kinyume: .1523 hutangulia .16. Kosa hili ndilo la kwanza ambalo kila anayejitolea maktabani hufundishwa kuliepuka, na ndilo analolirudia wiki nzima.

Waandishi wanaolijua hulitumia kijuujuu: kitabu kimewekwa vibaya, basi muuaji si mkutubi. Ligeuze. Muuaji wako anajua desimali vizuri sana. Anataka kumtupia lawama kijana anayejitolea, ambaye kila mtu anajua huchanganya namba, hivyo anakipanga kitabu vibaya kwa makusudi. Ila mikono yake ina mazoea ya miaka ishirini. Baada ya kukiingiza, amevuta migongo ya vitabu vyote ikawa sawa na ukingo wa rafu, na amesukuma chuma cha kuegemezea kikabana. Asiye na uzoefu huchomeka kitabu na kuondoka. Kidokezo kimoja kinadanganya, kingine hakiwezi, na vyote viko kwenye kitabu kilekile. Eleza rafu hiyo mara mbili: mara ya kwanza kama mapambo ya mandhari, mara ya pili mpelelezi akiwa mbele yake.

Sababu ya kuua nayo itoke maktabani. Mirathi na wivu wa mapenzi viko kila mahali. Atlasi iliyokatwa ramani iko hapa tu. Mwaka 2005 E. Forbes Smiley III, mfanyabiashara wa ramani za kale, alikamatwa baada ya mkutubi wa Beinecke, maktaba ya vitabu adimu ya Chuo Kikuu cha Yale, kuona wembe mdogo sakafuni. Baadaye alikiri kuiba ramani 97 kutoka maktaba kadhaa. Wembe sakafuni ni kidokezo kizuri mno kukiiga, tena kinajulikana, kwa hiyo uache. Chukua utaratibu: rekodi ya katalogi husema atlasi ina ramani 24, marehemu amehesabu 21, na karatasi aliyoandika hesabu hiyo ameificha ndani ya kitabu cha 364.1523 kilichokuwa kwenye meza ya maonyesho ya Oktoba. Hapo una maelezo ya kwa nini kitabu kile kiliguswa.

Kuhusu namna ya kuua, fanya haraka: kusukumwa kwenye ngazi za kwenda chini, nje ya macho ya msomaji, kunatosha. Zipo njia mbili zinazovutia na hazifanyi kazi. Ya kwanza ni gesi ya kuzimia moto. Maktaba ndogo ya umma kwa kawaida ina vinyunyizio vya maji, kama inavyo vyovyote. Mifumo ya kisasa ya gesi katika hifadhi za nyaraka hupunguza oksijeni kwa kiwango kinachozima moto huku mtu akiendelea kupumua kwa muda, na hutanguliwa na king'ora. Kaboni dioksidi inaua kweli, lakini ndiyo maana haiwekwi mahali penye wasomaji. Ya pili ni kitabu chenye sumu. Majalada ya kitambaa ya karne ya 19 yenye kijani kikali yanaweza kuwa na aseniki, na jumba la makumbusho la Winterthur, jimbo la Delaware, limekuwa likiyatafuta na kuyapima tangu 2019. Ila kukishika kitabu hicho jioni moja hakumwangushi mtu akafa. Hatari yake ni ya ngozi, na ya vumbi linaloingia mwilini polepole. Kwa hiyo kitumie kama mtego: polisi wakazane na kitabu cha kijani kwa sura tatu, na mkutubi awe wa kwanza kusema haiwezekani.

Ukitaka kuchezea saa, kalenda inakusaidia. Marekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa 8 usiku. Halloween ikiangukia Jumamosi, kama ilivyokuwa 2015 na 2020 na itakavyokuwa 2026, usiku huohuo muda wa kati ya saa 7 na saa 8 unapita mara mbili. Washukiwa wawili wanaweza kusema kila mmoja aliagana na marehemu saa 7:40, wote wakisema kweli, na kukawa na dakika 60 zisizo na mtu. Saa ya ukutani ya maktaba haijui; kompyuta inajua. Angalia tu usiihamishie hadithi Uingereza bila kubadilisha: huko saa hurudi nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo usiku unaorudia muda hutangulia Halloween, hauifuati.

Mahali ambapo hadithi hizi huchekesha bila kukusudia ni pale askari anapouliza nani aliazima kitabu fulani na mkutubi anafungua kompyuta na kumsomea. Karibu majimbo yote ya Marekani yana sheria inayolinda siri za waazimaji. Askari aje na amri ya mahakama. Zaidi ya hapo, programu nyingi za maktaba hufuta uhusiano kati ya mtu na kitabu kinaporudishwa. Usilione kama kikwazo. Amri ya mahakama inachukua siku mbili, na siku mbili hizo ndizo sura zako za katikati. Wakati huo mkutubi atumie kisichohitaji rekodi, kama sanduku la kurudishia vitabu usiku: kilicho chini kiliingia kwanza, kilicho juu mwisho. Tarehe kwenye mfumo isiaminiwe, maana vitabu vya sandukuni mara nyingi huandikwa kuwa vimerudi jana ili watu wasitozwe faini.

Washukiwa watano wanatosha kwa riwaya ya maneno 70,000; kwa hadithi fupi ya maneno 6,000, watatu. Maiti ionekane kabla ya sehemu ya kumi ya kwanza kwisha. Mavazi ya Halloween yabadilishane mara moja tu, na vazi linalobadilishwa liwe na dosari msomaji aliyokwisha kuiona, kama pindo lililochanika. Wachawi watatu wanaofanana kabisa wanamchosha msomaji, naye ataacha kufuatilia yupi ni yupi.

Mwisho usiwe wa kisu gizani. Iwe asubuhi, taa zote zinawaka, na mkutubi anawaomba washukiwa wamsaidie: kila mmoja apewe vitabu kumi vya meza ya maonyesho avirudishe rafuni. Askari watatazama namba. Kijana atachanganya desimali kama kawaida yake. Muuaji naye atazichanganya, makosa mawili matatu yaliyopimwa vizuri, na kabla hajaondoka mkono wake utapita juu ya migongo ya vitabu na kuivuta hadi ukingoni.