Kihamba cha nusu ekari

Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, Old Moshi au Marangu, macho yako hayaoni kitu ila kijani. Mgeni huamini huku hakuna maskini. Umaskini upo, ila wa huku hupimwa kwa futi kamba. Kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba ya Mchagga hapa mlimani Kilimanjaro, kiligawiwa wanawe, nao wakawagawia watoto wao, na leo kaya nyingi zinaishi kwenye nusu ekari au pungufu. Nusu ekari ni kama mita za mraba 2,000. Toa nyumba, jiko, banda la ng'ombe, njia na makaburi, na pengine utabakiwa na 1,500 za kulima.

Kihamba ni kama nyumba ya ghorofa. Juu kabisa kuna miti mikubwa: mringaringa, mfuruanje, msesewe, na siku hizi mgrivea kwa wingi. Chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi, maharage na mboga. Ukikata miti ya juu kwa ajili ya mbao bila kupanda mingine, jua linaishukia kahawa, inazaa kupita kiasi mwaka mmoja, halafu matawi yanakauka kuanzia ncha. Kivuli kikizidi nacho ni balaa, maana unyevu haukauki na chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, inapata makao. Kazi ni kupunguza matawi kila mwaka, mti wenyewe ubaki umesimama.

Wengi wakizungumzia kihamba huanza na kahawa. Mimi naanza na ng'ombe, kwa sababu udongo huu umelimwa mfululizo vizazi kwa vizazi bila kupumzishwa, na kinachoushikilia ni samadi. Nyumba isiyo na ng'ombe utaijua kwa migomba yake: mashina membamba na mikungu ya vichane vinne au vitano.

Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 anataka kilo 40 hadi 50 za majani mabichi kila siku, na maji ndoo tatu au zaidi akiwa anakamuliwa. Nusu ekari haitoi majani hayo. Ndiyo maana utawakuta akina mama njiani na mizigo ya majani kichwani, wametoka kuyakata tambarare au kwenye kingo za mito. Wenye pesa hununua mabua ya mahindi na majani ya maharage kwa pikapu baada ya mavuno. Shina la mgomba likikatwakatwa husaidia kiangazi, lakini karibu lote ni maji. Ng'ombe anashiba na maziwa yanapungua. Lazima aongezewe pumba na mashudu ya alizeti. Kwenye kingo za kihamba panda matete au majani ya Guatemala: yanashika udongo usiporomoke na yanaokoa safari kadhaa za mteremko.

Samadi yenyewe huharibiwa na watu wengi hata kabla haijafika shambani. Inatupwa nyuma ya banda, jua linaichoma, mvua ya masika inaosha kilichobaki. Irundike kivulini, changanya na mabaki ya majani aliyobakiza ng'ombe, funika kwa majani makavu ya mgomba, igeuze mara moja au mbili, na uiache miezi miwili hadi mitatu. Kisha weka debe moja au mawili kwa kila shina la mgomba kwa mwaka. Imwage kwa kuzunguka shina, hatua moja kutoka lilipo, kwani mizizi inayokula iko huko. Samadi mbichi iliyobanwa kwenye shina inaunguza.

Kwenye migomba kosa kubwa ni huruma. Mtu anaacha vichipukizi saba akidhani atapata mikungu saba. Shina moja liwe na mama, mtoto na mjukuu, basi; vingine ng'oa pamoja na kitako chake, maana ukikata juu vinachipua tena. Nafasi iwe mita 3 kwa 3. Mgomba ukianguka kwa upepo mdogo, pasua kitako: ukikuta vijia vyeusi, hao ni fukusi, wadudu wanaotoboa kitako. Kata vipande vya shina lililovunwa, vipasue, vilaze upande uliopasuliwa ukitazama udongo karibu na migomba, na baada ya siku tatu vigeuze uwaue waliojificha. Mche uliotoka kwenye shamba lenye fukusi usipande bila kumenya kitako chake mpaka kiwe cheupe. Ndizi ya kisukari nayo inashikwa na mnyauko: majani ya chini yanageuka manjano na kuvunjika kwenye vikonyo. Huo hauna dawa. Ng'oa, na hapo panda aina nyingine inayostahimili mnyauko.

Sasa kahawa. Wamisionari waliifikisha Kilimanjaro kabla ya mwaka 1900, mwaka 1925 wakulima walikuwa wameshaunda chama chao, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ikazaliwa mwaka 1933. Shule nyingi na mapaa mengi ya bati ya mlimani yametokana na kahawa. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ulivunjika, na tangu hapo vijana wengi hawataki hata kuisikia.

Siwalaumu. Piga hesabu: nusu ekari iliyochanganywa na migomba itabeba miti 150 hivi. Mti mzee usiopogolewa haufikishi nusu kilo ya kahawa ya maganda. Uliotunzwa vizuri unaweza kutoa kilo moja. Basi kwa mwaka ni chini ya kilo 75, au ukitunza vizuri, 150. Ada ya mtoto mmoja inaweza kupatikana humo, ya watatu haipatikani. Aina mpya za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, zinastahimili chulebuni na kutu ya majani, hivyo unaokoa pesa ya dawa, lakini haziongezi ardhi.

Kwa kilo chache hivyo, ubora ndio pa kupigania. Chuma nyekundu tupu. Menya siku hiyohiyo, maana ikilala na ganda inaanza kuchacha. Vundika saa 24 hadi 36 kulingana na baridi. Ukiishika mkononi na haitelezi tena, osha. Anika kwenye kichanja, si chini, na geuza mara kwa mara. Jua la saa sita mchana likiwaka, ifunike, la sivyo maganda yanapasuka. Kilo 5 au 6 za matunda zitakupa kilo moja kavu.

Pesa ya kila wiki hutoka kwingine: maziwa, ndizi za sokoni, na mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Mbege ni kazi ya akina mama, na ni ya siku nyingi. Ndizi mbivu huchemshwa saa kadhaa mpaka ziwe nyekundu, hufunikwa siku kadhaa, kisha huchujwa. Ulezi huoteshwa, huanikwa, husagwa na kupikwa uji. Uji ukichanganywa na maji ya ndizi ungali wa moto, pombe haiumuki na ndizi zote zimepotea. Gome la msesewe huleta uchungu wake. Ikiumuka leo, inywewe kesho. Siku ya pili tatu imekuwa kali na wateja wanakimbia. Machicha anapewa ng'ombe.

Kuna jambo moja linaloumiza kulitazama. Mwana aliyefanikiwa Dar es Salaam anarudi Krismasi, anang'oa migomba 20 na kujenga nyumba ya vyumba sita. Inafunguliwa wiki mbili Desemba, kisha inafungwa, na mama yake anaendelea kulala jikoni kwenye joto. Kuuza kihamba hakuna anayethubutu, kwa sababu babu na bibi wamezikwa humo. Kwa hiyo kinaendelea kukatwa vipande. Kwa desturi mtoto wa mwisho wa kiume hurithi nyumba ya wazazi, wa kwanza hupewa sehemu yake, wa katikati wakajitafutie. Zamani palikuwa na pori la kujitafutia.

Mabinti huachwa nje kabisa, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Mzee akiwa bado hai, kaeni kikao cha ukoo, tembeeni mipaka yote mkiangalia masale, mimea ya kuonyesha mpaka, yaliyopandwa, yaliyokufa myapande upya mbele ya majirani, muandike muhtasari wenye saini za mashahidi, kisha mwende ofisi ya kijiji kuulizia hati ya hakimiliki ya kimila. Jina la mama liandikwe, na mabinti waitwe kwenye kikao. Vipande vilivyo chini ya robo ekari msivigawe tena. Mmoja alime, wengine wapewe sehemu ya mavuno kwa makubaliano yaliyoandikwa.